Washa Kabla Hujabisha Hodi

Mvua ikianza kugonga mabati hapa Dallas, mtaa wetu wa Embu, hata kama ni mchana na jua lilikuwa linawaka sasa hivi tu, mimi huacha ninachofanya nikasimama. Wajukuu wangu wamenizoea. Wanaambiana, "Cucu ameanza," yaani bibi yao. Nimestaafu, ni kweli, lakini ule wasiwasi wa dukani nimekuja nao nyumbani Embu pamoja na kikombe changu cha chai. Nasimama jikoni na mwiko mkononi, najiuliza ni nani saa hii, huko Runyenjes au Nkubu au Kiirua, ameketi mbele ya maiki niliyomchagulia mimi, amefika ubeti wa pili, na mvua inamharibia.

Kimathi na Gatwiri, siku ile mliponiaga mkanikatia keki, mliniomba niwaandikie mambo mawili matatu kuhusu kuwachagulia watu vifaa vya kurekodi muziki nyumbani. Mkasema yawe mafupi. Hayatakuwa mafupi, na mnanijua. Habari za vyeo sitaziandika, kwa sababu duka letu lilikuwa na vyeo viwili tu: mwenye duka, na sisi wengine. Habari za mshahara nazo mnazijua wenyewe.

Nilianza kazi hapa Embu mjini, katika duka la redio na vyombo vya muziki, kabla hawajafungua lile la Meru ambako nyinyi mlinikuta. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupangusa vumbi na kutogusa kitu. Fundi wetu aliitwa Mzee Mbogo, mtu wa Mbeere, mwembamba, mpole kupita kiasi, na funguo za kabati la maiki alikuwa nazo yeye peke yake. Siku yangu ya kwanza aliingia kijana wa kwaya, shati limepigwa pasi, akaomba maiki kali kuliko zote. Mimi nilidhani kazi ya duka ni kuuza, nikamwomba mzee funguo. Mzee akanitazama tu, akamvutia kijana kiti cha plastiki.

"Nyumba yako imeezekwa na nini?" akamwuliza.

Kijana alinigeukia mimi, kama anayetaka kujua kama huyu mzee yuko sawa.

"Mabati."

"Iko na siling?"

"Bado."

"Na jirani anafuga nini?"

"Mzee, mimi nimekuja kununua maiki."

"Ndiyo hiyo tunanunua," Mzee Mbogo akasema. "Enda nyumbani, simama pale unataka kuimbia, piga kofi moja, halafu usikilize. Kofi likirudi kama sahani imeanguka, usiniitishe maiki kali. Kuja tuongee."

Kijana aliondoka amenuna na mimi nikajua duka litafungwa kabla ya mwisho wa mwezi. Halikufungwa. Kijana alirudi, tena akiwa na adabu, akasema kofi lilikuwa limerudi kama sufuria.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza jambo ambalo mnanisikia nikilirudia hata mkachoka. Ile maiki kubwa ya studio, ya kuwekwa juu ya stendi, yenye kutaka nguvu za umeme kutoka kwenye kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta, inasikia kila kitu. Itasikia sauti yako, na mabati yakipanuka kwa jua, na kuku, na jirani akimwita mtoto, na tumbo lako kama hukula. Kwenye chumba kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ni kitu kizuri sana. Ile ya kushika mkononi, ya kanisani, ni kiziwi kidogo. Inamsikia aliye karibu nayo, umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, na wengine inawaacha na mambo yao. Nyumba zetu nyingi zinataka maiki kiziwi. Kuna wateja wamewahi kunikasirikia kwa kuwaambia hivyo, wakadhani nimewaona hawafai ile kubwa.

Mengine niliyapata kwa wateja wenyewe. Kuna kikundi cha huko chini Siakago kilichotaka kujisikia wakati kinarekodi, kikaelekeza spika mbili za mkutano kwenye maiki. Mlio uliotoka uliwafukuza mbuzi. Niliwapa hedifoni za kufunika masikio, wakazikubali shingo upande, kwa sababu kwao muziki usiosikika hadi barabarani si muziki. Kuna mume na mke wa Nkubu waliosumbuliwa na mngurumo wa friji. Nikawaambia waichomoe wakati wa kuimba. Waliichomoa, wakaimba vizuri, wakasahau kuirudisha, na wiki iliyofuata walikuja dukani kuniuliza habari za nyama yao. Tangu hapo namwambia mtu, ukichomoa friji, tia simu yako ndani yake. Hutafika mbali kabla hujaikumbuka.

Nilipohamishiwa Meru, Mzee Mbogo alinipa kinasa sauti chake kidogo, kile cha kuingia mfukoni, kinachotumia betri mbili za tochi na kina taa nyekundu ndogo kama ukucha. Alikuwa akikibeba kila alipoenda nyumbani kwa mteja. Akaniambia, "Hii washa kabla hujabisha hodi. Usizime mpaka utoke. Mashine kubwa watu huiogopa, wanangoja kila kitu kiwe tayari, na siku inaisha. Hii haina maneno." Mimi ni mtu wa wasiwasi kwa hivyo agizo hilo lilinifaa sana. Sikuwahi kulivunja, na betri za akiba hazikukosa kwenye mkoba wangu hata siku sabuni ilipokosa nyumbani.

Sasa nije kwa Mwalimu Nkatha, kwa sababu najua ndiye mnayetaka kusikia habari zake. Gatwiri ulikuwa bado hujaajiriwa, na Kimathi ulikuwa likizo.

Aliingia dukani na ndugu yake mdogo, Mutwiri, kijana mkubwa wa kupiga kinanda kanisani, simu mkononi. Kwenye simu palikuwa na picha ya maiki ya studio inayong'aa kama kikombe cha mashindano.

"Mathe, sisi tunataka hii," Mutwiri akasema. "Ndio wasanii wote wanatumia."

"Nyumba imeezekwa na nini?"

Dada yake akacheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi, na kicheko chake kilikuwa juu na laini, kikalijaza duka. "Mabati, Mama Ireri," akasema. "Na kule kwetu Kiirua upepo haulali."

Nikauliza mengine niliyozoea kuuliza, na Mutwiri akajibu kwa haraka haraka mpaka nikamwuliza haraka ni ya nini. Akamtazama dada yake. Mwalimu Nkatha akafungua kitambaa alichojifunga shingoni, nikaona rovu, uvimbe wa kama yai la bata.

"Wiki ijayo nalazwa, unatolewa," akasema. "Daktari amenieleza pole pole. Mshipa wa sauti unapita hapo hapo. Anaweza kuukwepa, na inaweza kukataa. Ameniambia nijitayarishe kwa yote mawili, na mimi simlaumu. Lakini nimetunga nyimbo tangu nikiwa msichana, Mama Ireri, na hakuna hata moja iko mahali. Nataka ziingie kabla sijaingia mimi."

Mteja wa kawaida ukimchagulia kifaa kibaya anarudi, mnabadilishana, mnacheka. Huyu asingekuwa na kitu cha kurudi nacho. Nilizunguka nyuma ya kaunta kutafuta waya.

Nilimchagulia kama ambavyo ningemchagulia dada yangu. Maiki kiziwi ya mkononi, na stendi yake ili asiishike ikasuguasugua. Kisanduku kidogo cha kuunganisha maiki na laptopu ya Mutwiri, chenye tundu moja tu la maiki, kwa sababu ukimpa mtu matundu manne atatafuta vya kutia. Waya ya pini tatu, na nyingine kama hiyo, maana waya hufa bila kuugua. Hedifoni za kufunika. Nikamwambia aivute soksi ndefu ya kike juu ya hanga ya waya, aiweke mbele ya maiki ili pumzi za "p" na "b" zisipige kama kofi. Mutwiri aliuliza kwa nini wasitumie simu tu. Nikamwambia simu ni nzuri na wengi nawaambia waanze nayo, lakini mtu anayeenda hospitali hupigiwa simu kila dakika na watu wa kumtakia heri, na hakuna atakayekuwa na roho ya kuizima.

"Na ile ya picha?" Mutwiri akauliza.

"Ile ya picha itarekodi Kiirua yote," nikasema.

Wakaenda. Na mimi nikabaki roho juu. Kesho yake nikapiga simu kuuliza kama wamefungua. Bado, kuna wageni. Kesho yake tena, bado, kuna wageni. Mwenye duka akaniambia, "Mama Ireri, mtu amechukua vitu vyake, mwache." Sikumwacha. Nilikuwa nikiangalia mawingu kupitia mlango wa duka kama mtu aliyeanika mahindi. Jumapili baada ya ibada nilichukua mkoba wangu nikapanda Kiirua mwenyewe.

Kama hamjawahi kwenda kwa mtu wa huko anayeingia hospitali, nitawaeleza. Haachwi peke yake. Watu wa kanisa, majirani, mashemeji, wote wanakuja kumtia nguvu, mmoja na maziwa, mwingine na sukari, mwingine na mkate. Kila anayefika lazima anywe chai na aombe. Na kuondoka mapema ni aibu, maana ni kama umesema huyu mgonjwa amekuchosha. Kwa hivyo wanaketi. Nilipofika langoni nilisikia vikombe kabla sijaona nyumba, nikasema moyoni, hapa hakuna maiki duniani itakayotusaidia. Nikatia mkono mfukoni, nikawasha kinasa sauti cha Mzee Mbogo, ndipo nikabisha.

Mwalimu Nkatha alinipokea kwa mikono miwili. Kabla ya kunikaribisha kwa wengine alinipeleka jikoni, kibanda cha mbao kando ya nyumba, kumsalimia mama yake mzazi. Watu wote pale walimwita Mama Nkatha. Alikuwa mzee sana, macho yameshafifia kabisa, ameketi karibu na moto. Walisemezana Kimeru, na mimi mtu wa Embu nakisikia bila shida, kwa hivyo nawaandikia nilichosikia.

"Mama, ni mimi. Nimekuja na Mama Ireri, wa duka la Meru. Usiinuke."

"Nkatha, umefunga ng'ombe?"

"Nimefunga, mama."

Tulipotoka alinieleza akicheka. Wakati mmoja ng'ombe aliingia kwenye kabeji za jirani, na tangu siku hiyo mama yake humsalimia kwa swali hilo, asubuhi na jioni. Akasema pia, bila kucheka, kwamba yeye ndiye anayemlisha na kumwogesha, na kwamba mama yake siku hizi humjua mtu kwa sauti tu, asipoijua sauti hakubali kuguswa. Hapo nilielewa vizuri zaidi kile kitambaa cha shingoni kilikuwa kinafunika nini.

Tulitafuta mahali. Sebuleni hapafai, vyumba vya kulala vimejaa makoti ya wageni. Nikauliza waru, vile viazi vya huko, zinawekwa wapi. Palikuwa na stoo nyuma ya nyumba, magunia ya waru yamepangwa hadi karibu na mabati. Nikaingia, nikapiga kofi moja. Kofi likafa palepale, halikurudi hata kidogo. Sijawahi kufurahia magunia kama siku ile. Tukatundika mablanketi mawili mlangoni, Mutwiri akaweka maiki juu ya stendi, akachomoa chaja ya laptopu ili mngurumo wa stima usiingie. Mimi nikatoa kinasa sauti changu mfukoni, nikakiweka juu ya gunia kwenye kona, kikaendelea na kazi yake.

Wimbo wa kwanza uliingia vizuri. Mutwiri alinipa hedifoni nikasikia ile sauti peke yake, bila upepo, bila kikombe. Nikaanza kupumua.

Ndipo blanketi likafunuliwa. Alikuwa Mama Makena, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na nyuma yake kikundi chote. Walikuwa wametafuta mgonjwa wao sebuleni wakamkosa.

"Mwalimu, utaimba aje kabla hatujaombea hiyo kazi?" Mama Makena akasema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameumia.

Waliingia wote, wakabanana kati ya magunia, mimi nikasukumwa hadi mwisho kabisa karibu na ukuta. Na Mutwiri alifanya kile ambacho kijana yeyote aliyelelewa vizuri upande ule angefanya. Maombi yakianza, unazima mashine. Simu, redio, hata injini ya pikipiki. Alisimamisha kurekodi, akafunga laptopu, akavua kofia, akainamisha kichwa.

Maombi yalikuwa marefu. Waliomba juu ya daktari, juu ya kisu, juu ya damu, juu ya mama mzee jikoni. Na kabla ya kusema amina, Mwalimu Nkatha, macho yamefungwa, akaanza kuimba. Hakumwambia mtu yeyote. Alitoka kwenye maombi akaingia kwenye wimbo kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake. Ulikuwa ule wimbo aliokuwa ameuweka wa mwisho, wa kumshukuru mama aliyemfundisha kushika sauti wakipalilia waru. Akina mama wakamwitikia chini chini. Mutwiri naye akainua mikono, macho yamefungwa, machozi yanamtoka, na laptopu iko miguuni pake imefungwa kama Biblia ya siku ya kazi.

Niliiona. Mimi peke yangu niliiona, na nilikuwa nimezibwa na wanawake kumi na magunia. Kumgusa Mama Makena begani nimwambie asogee wakati kama ule, sikuweza. Kuita, sikuweza. Nilisimama pale nikisikia sauti ambayo haitaimba tena hivyo, na sikufurahia hata mstari mmoja.

Wakasema amina. Mwalimu Nkatha akafungua macho, amechangamka.

"Imeingia?" akauliza.

Mutwiri akatazama chini. Hakuna aliyemgombeza. Mama Makena alijifunika mdomo kwa mkono. Mwalimu akasema si neno, wacha nirudie, akanywa maji ya uvuguvugu, akaanza. Sauti ilikwaruza. Akakohoa, akashika shingo, akajaribu tena, na hapo ndipo tone la kwanza la mvua lilipogonga mabati, halafu la pili, halafu yote kwa pamoja, mpaka hatukusikiana. Mutwiri aliketi juu ya gunia akashika kichwa kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nilipokumbuka kinasa sauti cha Mzee Mbogo, nikapenya hadi kwenye ile kona. Ile taa nyekundu ilikuwa bado inawaka.

"Si safi," nilimpigia Mwalimu kelele sikioni. "Kuna pumzi za watu na makoti. Lakini iko."

Alinishika mkono akaukaza, na hatukuongea zaidi, kwa sababu ya mvua.

Kwa wiki nzima nilijaribu kuusafisha ule wimbo kwenye kompyuta ya duka. Niliyoweza niliyafanya, mengine nikayaacha, kwa sababu ukisafisha sana unaanza kumfuta na mwimbaji. Nyimbo niliwapa. Mazungumzo ya kabla na baada nilibaki nayo, maana mimi sifuti kitu.

Upasuaji ulikwenda salama na uvimbe ukatoka wote. Miezi ikapita. Siku moja simu ya duka ikalia, mtu akaniamkia kwa sauti nzito yenye upepo ndani yake, nikadhani ni mwanamume mwenye mafua. Nikamwuliza nani mwenzangu.

"Hata wewe, Mama Ireri," akasema.

Mwalimu Nkatha alikuja dukani kesho yake. Nilimpa kiti. Alisema kuimba ameshakubali, darasani watoto wamemzoea, maumivu hana. Kilichomleta ni mama yake.

"Nikimwambia ni mimi, anasema Nkatha yuko hospitali. Namlisha, anafunga mdomo. Jana alilia akimwomba huyu mtu atoke jikoni. Huyu mtu ni mimi."

Alikuwa amejaribu kumsikilizisha nyimbo. Mama yake alifurahi, akasema binti yangu anaimba, halafu akarudi kumkataa aliye mbele yake. Alijaribu zile meseji za sauti alizowahi kutuma kwa kwaya, za kutangaza mazoezi. Mama yake akauliza huyo mwalimu mkali ni wa shule gani.

"Kuna mahali naongea tu?" akaniuliza. "Vile huongea nyumbani?"

Nilimvalisha hedifoni, nikatafuta mwanzo kabisa. Lango. Viatu kwenye matope. Kuni zikipasuka. *Mama, ni mimi. Nimekuja na Mama Ireri, wa duka la Meru. Usiinuke.* Nikamwona akishika ukingo wa kaunta. *Nkatha, umefunga ng'ombe? Nimefunga, mama.* Akaniashiria nirudie. Nikarudia. Alilia, nami nikalia, na mteja aliyekuwa akijaribu gitaa akalirudisha ukutani taratibu akatoka nje.

Halafu tukachagua kifaa, kwa sababu kazi ni kazi. Hedifoni hapana, mzee angeogopa kitu masikioni. Spika kubwa hapana, ingefanya sauti itoke kila upande. Nikampa spika ndogo ya kushikwa kiganjani, yenye kitufe kimoja kikubwa, nikamwambia aishike karibu na mdomo wake mwenyewe, ili sauti mbili zitoke mahali pamoja. Yeye ndiye aliyejua la kufanya nayo. Kwaya hufundishwaje? Kiongozi anatoa mstari, wengine wanaurudia. Kila asubuhi angeachia mstari wa sauti ya zamani, "Nimefunga, mama," kisha yeye aurudie kwa hii mpya.

Wiki za kwanza zilinikosesha raha kabisa. Alinipigia akaniambia mama yake amesema kuna watu wawili jikoni, na yule mwingine aambiwe aende kwao. Nilijua nimeharibu. Hapo awali mama alikuwa amepotelewa na binti, sasa nimemletea mgeni wa pili. Nilitaka kumwambia aache. Akasema, "Mama Ireri, hata sauti ya tatu kwenye kwaya hukataa mstari wiki mbili kabla ya kuushika," akakata simu. Nikawa nikisikia simu ya duka inalia, natamani mwingine aichukue.

Ilikuwa wiki yangu ya mwisho kazini. Nyinyi wawili mlikuwa stoo mnahesabu stendi. Simu ikalia, nikaichukua mwenyewe. Ile sauti nzito ikaniamkia, na mara hii niliijua.

"Leo spika haina chaji," Mwalimu Nkatha akasema. "Nimeingia jikoni bila kitu. Nimekohoa tu. Ngoja, sikia."

Nikasikia kuni. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Halafu kwa mbali, sauti ya mzee, isiyo na haraka, yenye kulalamika kidogo.

"Nkatha, umefunga ng'ombe?"

"Nimefunga, mama," ile sauti nzito ikajibu.

Nilisubiri niambiwe kitu kingine lakini walikuwa wameshasahau kwamba niko. Nikakata simu. Mbele yangu alikuwa amesimama msichana mmoja na mpenzi wake, wananikodolea macho, wanataka maiki kali kuliko zote. Nikamvutia msichana kiti, nikamwuliza nyumba yao imeezekwa na nini.